Misumari Mdomoni

Kijana wa Chuo alipofika kwenye mabano ya hesabu ubaoni, Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, mdomo umejaa misumari midogo, akiivuta mahameli ya kijani juu ya mgongo wa kochi. Alikuwa akiusukuma msumari kwa ulimi hadi kwenye ncha ya midomo, anausogezea nyundo yenye sumaku, nyundo inaubusu na kuondoka nao, kisha ta! ta! umeshazama kwenye mbao. Mkono wa kushoto haukukiachia kitambaa hata mara moja. Ndiyo faida ya kuweka misumari mdomoni: mtu anajipatia mkono wa tatu.

"Sasa hapa," Kijana alisema, akigonga ubao kwa chaki, "tunafungua mabano. Hasi tatu mara eksi, hasi tatu eksi. Hasi tatu mara hasi nne, chanya kumi na mbili. Hasi kwa hasi ni chanya, hiyo si tunaijua? Rahisi tu. Tuko pamoja?"

Binti aliitikia kwa kichwa.

"Safi sana! Twende mbele."

Ubao wenyewe ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kazi fulani, Fundi akakipaka rangi nyeusi, na chaki ilikuwa ile ile ya kuchoria kitambaa. Ubao ulisimama juu ya meza ya kukatia, umeegemezwa ukutani katikati ya marobota ya sponji. Fundi ndiye aliyetaka masomo ya majaribio yafanyikie karakanani, badala ya nyumbani kwenye meza ya chakula. Alisema anataka kuona. Dada yake mkubwa, ambaye Binti, mwanawe Fundi, alimwita Shangazi na mtaa mzima ukafuata, alisema mdogo wake anataka kuona kitu asichokijua, kama mtu anayekagua injini ya ndege kwa kuipigapiga kofi.

Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono ambacho kilikuwa bado uchi, springi zikimlalamikia kila alipogeuka. Alimtazama Kijana kwa macho ya mtu anayetazama nguo iliyompendeza dukani.

"Mdogo wangu," alimwita Fundi, "unamsikia lakini? Anatiririka! Unamsikia?"

Fundi aliinua kidole kimoja bila kugeuka. Nyundo, ta! ta!

"Nakuuliza wewe!"

"Shangazi," Binti alisema kwa sauti ya chini, "ana misumari."

"Mwenyewe najua ana misumari. Tangu tulipozikwa kwenye sponji hizi ana misumari."

Kijana alicheka, akafuta ubao kwa kiwiko, akaandika hesabu nyingine. Alikuwa kijana mzuri, mwepesi, shati limechomekwa vizuri, na chaki haikumwangukia hata mara moja. Alipomaliza, alimfuata Fundi nyuma ya kochi, akamsalimu kwa mikono miwili, na kama alivyoombwa, akamwachia hesabu moja pamoja na jibu lake, ambalo alimnong'oneza sikioni. Fundi alikwisha kumaliza upande mmoja wa mgongo, na mdomo ulikuwa mtupu.

"Tano," alirudia Fundi polepole. "Jibu ni tano."

"Tano, mzee. Akipata tano, ujue mambo yamekaa sawa."

"Ahsante, mwanangu. Tutakupa habari."

*

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Binti alikuwa ameufanya mtihani wa hisabati na kuanguka, akaurudia akaanguka tena, ingawa kwenye biolojia na kemia walimu walimtaja kwa mfano. Chuo cha mafundi wa maabara kilikuwa kimempokea kwa sharti moja: safari hii hisabati apite. Asipopita, nafasi inakwenda kwa mwingine, na chuo hakimwekei mtu kiti mara mbili. Mama yake alikuwa amefariki Binti akiwa bado mdogo, na mipango yote mikubwa ya nyumba ile ilipita kwenye mikono ya watu wawili, Fundi aliyekuwa akifikiri muda mrefu mno, na Shangazi aliyekuwa hafikiri hata kidogo lakini mara nyingi alipatia.

Fundi hakutaka Binti abaki karakanani. Si kwamba hakuwa na mkono mzuri. Alikuwa nao, na aliweza kushona ukingo wa mto wa kochi bila kuchora. Lakini karakana, kwa maoni ya Fundi, haikuwa mahali pa mtu kubaki kwa sababu kila mlango mwingine umefungwa. Mwenyewe aliingia kwa mguu wake. Alitaka Binti naye atoke kwa mguu wake.

Kwa hiyo alikuwa akichagua mwalimu kama alivyozoea kuchagua mbao: anaweka vipande kando kwa kando, anavipa mzigo ule ule, anasubiri. Kila mwalimu aliyeletwa alifundisha somo lile lile. Kila mwalimu alimwachia hesabu moja. Mwalimu akishaondoka, Fundi alimwacha Binti anywe maji, apumzike, kisha alimpa ile hesabu aifanye peke yake. Malipo waliyoyataja yalifanana, kwa hiyo hilo halikumsaidia.

Siku ya kwanza alikuja Mwalimu Mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa, Shangazi mwenyewe akiwemo. Alikuwa na mwandiko uliolala vizuri ubaoni kama mshono wa mashine mpya, na alieleza kila hatua kama anayemshika mtu mkono kuvuka barabara. "Umeelewa, mjukuu wangu?" aliuliza baada ya kila mstari, na kila mara Binti aliitikia kwa kichwa. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anautandika ule mgongo wa kijani siku hiyo, sikio moja likiwa ubaoni, la pili pia. Alimpenda Mwalimu Mstaafu. Baadaye Binti alifanya hesabu aliyoachiwa, akapata jibu ambalo halikuwa jibu.

Na sasa Kijana ameondoka, vumbi la chaki bado liko hewani, na Binti ameinama mezani.

"Umepata ngapi, mama?" Fundi aliuliza. Alimwita hivyo tangu alipozaliwa, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la mama yake Fundi.

Binti aliinua uso. "Hasi tatu."

Shangazi aliruka kutoka kwenye springi. "Hasi tatu! Mtoto amekaa hapa mchana kutwa, anaitikia 'ndiyo, ndiyo' kama bibi harusi, halafu hasi tatu?"

"Mwache, dada."

"Simwachi! Umeelewa alivyofundisha au hukuelewa?"

"Nimeelewa alivyofanya," Binti alisema.

Fundi alilichukua jibu hilo, akaliweka mahali fulani kichwani, hakulichunguza. Ilikuwa ndiyo kawaida yake. Alitazama mistari ya Binti bila kuifahamu, akaona tu kwamba ilikuwa safi na imenyooka, kama kazi ya mtu ambaye ameangalia kwa makini sana.

"Chukua huyu Kijana tukalale," Shangazi alisema. "Ana kasi, ana heshima, kavaa viatu. Unataka nini tena?"

"Bado mmoja."

"Yupi? Yule mwalimu wanayemwita Pilipili? Mdogo wangu, umerogwa? Yule mwanamke alisimama kwenye mkutano wa wazazi akamwambia mkuu wa shule kuwa hajui kugawanya. Mkuu wa shule! Mbele ya watu!"

"Alikuwa anajua?"

"Nini?"

"Mkuu wa shule. Alikuwa anajua kugawanya?"

"Hilo sio suala," Shangazi alisema. "Mchagua jembe si mkulima. Utakaa hapa unachagua, unachagua, mpaka mtihani upite mlangoni ukupungie mkono."

Fundi alijua msemo huo una ukweli, na alijua pia kwamba aliyelima kwa jembe bovu hakuachiwa msemo wowote wa kujitetea. Alijaza misumari mdomoni, akarudi magotini, akaanza kukaza vifungo vya mgongo wa kochi kimoja baada ya kingine. Binti alikuja kumshikia taa. Alisimama kando yake muda wote, macho kwenye mahameli, midomo imebana kana kwamba naye ana misumari.

*

Karakana ile ilikuwa na sheria moja tu, na haikubandikwa popote: mkono ukiwa kazini, mdomo hauna kazi. Fundi hakuitunga. Aliirithi kwa mzee aliyemfunza, mtu mcheshi, ambaye siku moja alisimuliwa kisa akacheka misumari ikiwa mdomoni, na msumari mmoja haukuonekana tena duniani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na alikuwa akijigonga tumbo kwa fahari akisema humu ndani mna chuma. Lakini tangu siku hiyo hakutaka kusikia swali, utani wala salamu nyundo ikiwa juu. Mwanafunzi atazame mpaka mwisho. Kazi ikiisha, aulize. Kwa kawaida kazi ilipoisha mwanafunzi alikuwa ameshaona mwenyewe alichotaka kuuliza, au ameshakisahau, na yote mawili yalileta utulivu.

Fundi alifunzwa hivyo akawa fundi. Waliopita mikononi mwake aliwafunza hivyo, wakawa mafundi. Binti naye alianza kukaa chini ya meza ya kukatia kabla hajajua kufunga viatu, na neno la kwanza alilofundishwa humo ndani lilikuwa kidole kilichoinuliwa.

*

Pilipili alikuja siku iliyofuata, akiwa na mkoba mkubwa na miwani ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo. Binti alimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akajibu "Marahaba" huku akitazama vitu vyote isipokuwa Binti: ubao, sponji, nyundo, lile kochi la kijani lililokwisha kukamilika mgongo na sasa linasubiri miguu yake ipakwe rangi. Shangazi alimkaribisha kiti chenye springi.

"Nitasimama," Pilipili alisema. "Hicho kitaniuliza maswali kabla sijaanza."

Shangazi, ambaye alikuwa amejiandaa kumchukia, alicheka kwa bahati mbaya, kisha akajikohoza.

Somo lilikuwa lile lile. Pilipili aliandika: tano, toa tatu mara mabano ya eksi toa nne, ni sawa na mbili. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Alifanya haraka, si kwa kasi ya Kijana yenye madaha, bali kama mtu anayemenya kitu alichokimenya mara elfu. Alifungua mabano. Akajumlisha. Fundi, akipaka rangi mguu wa kochi kwa brashi, alikuwa hana misumari siku hiyo, lakini alikaa kimya kwa mazoea.

"Kumi na saba toa tatu eksi ni sawa na mbili," Pilipili alisema. "Kwa hiyo tatu eksi ni kumi na saba toa mbili, ambayo ni kumi na nne." Akaandika kumi na nne, kubwa, katikati ya ubao.

Binti aliandika kumi na nne.

Pilipili aliweka chaki chini.

"Soma hapo."

"Kumi na nne, mwalimu."

"Ni sawa?"

Binti alimtazama baba yake, akautazama ubao, akaitazama chaki iliyokuwa imelala mezani. Ilikuwa kana kwamba kuiona chaki imelala ndiko kulikomfungulia.

"Hapana. Ni kumi na tano."

"Umejua saa ngapi?"

"Ulipoandika."

"Ukanakili?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa hujamaliza, mwalimu."

"Sijamaliza nini?"

"Mkono wako ulikuwa bado kazini."

Pilipili aliivua miwani, akaipuliza, akaivaa tena. Akawageukia wakubwa. "Hii nayo ni kitu gani?"

"Aa, hiyo!" Shangazi alisema, akipiga magoti yake kwa kicheko. "Hiyo ni sheria ya mdogo wangu, mwalimu. Humu ndani mtu akishika nyundo hasemeshwi. Mimi mwenyewe siku moja nilimwona anakanyaga mkia wa paka, nikasubiri ateremshe nyundo ndipo nimwambie. Paka naye kumbe hajui sheria!" Alicheka mpaka springi zikaitikia. Kisha kicheko kikapungua chenyewe, taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, kwa sababu aliona kwamba anacheka peke yake.

Fundi alikuwa ameshika brashi juu, rangi ikitonea kwenye gazeti alilotandika. Lile jibu la jana, nimeelewa alivyofanya, lilishuka kutoka pale alipokuwa ameliweka.

"Wamekuja walimu wangapi kabla yangu?" Pilipili aliuliza.

"Wawili," Fundi alisema, akawataja.

"Huyu aliwauliza chochote?"

"Hapana."

"Shuleni?"

Fundi alimtazama binti yake. Binti alitazama meza.

"Basi nisikilizeni," Pilipili alisema, akianza kurudisha vitu kwenye mkoba. "Mimi simfundishi mtu anayeniitikia. Hata mjusi ukutani anaitikia kwa kichwa, na sijawahi kumsikia amefaulu. Walioletwa kabla yangu si wabaya. Yule mstaafu alinifundisha mimi. Lakini mtoto huyu akiwekwa mbele ya mwalimu yeyote, mzuri au mbaya, atanakili mpaka siku ya mtihani, na siku ya mtihani hakuna wa kunakili. Nitapita kesho jioni. Sitaki jibu, majibu ninayo mwenyewe. Nataka anipe swali moja, lake, na anikatize nikiwa katikati ya kuandika. Akinikatiza, tunaanza kazi hapo hapo. Asiponikatiza, mchukueni yule kijana. Ana haraka, lakini ana moyo."

Akaaga, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Hiyo hesabu jibu lake ni tano," alisema, "na binti yako, kama wengi, ataandika hasi tatu. Sijui ni kwa nini anakwama hapo. Yeye anajua."

*

Shangazi alilalamika vya kutosha. Alisema huyo si mwalimu, ni mganga. Kaja kaangalia, katoa masharti, kaondoka. Alisema mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kumkatiza mtu mzima, na kwamba adabu haijawahi kumwangusha mtu mtihani. Kisha akasema, "Lakini kuuliza si ujinga, hata waliotutangulia walisema," kwa sauti ya mtu anayejikosoa bila kutaka kuonekana. Akajifunga kanga vizuri, akamgusa Binti shavuni, akaenda kwake.

Baba na binti walibaki na harufu ya rangi. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuingia mlangoni na kulala sakafuni hadi kwenye kochi.

Fundi alisafisha brashi. Aliisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama," alisema hatimaye, "kuna kitu kingine umekiona humu ndani hukukisema?"

Binti alikuwa anafagia vumbi la chaki. Alisimamisha ufagio.

"Sema tu. Mikono yangu hii, haina kitu." Akaionyesha, pande zote mbili.

Binti alinyoosha kidole kuelekea kochi la kijani.

Fundi aligeuka. Aliona kochi. Lilikuwa kazi nzuri, vifungo vimezama sawasawa, mikunjo imekaa kama ilivyochorwa. Lilikuwa la daktari wa meno, la chumba cha kusubiria wagonjwa, na gari la kulichukua lilikuwa linakuja keshokutwa. Alitazama tena. Ndipo, katika ule mwanga wa pembeni, akaona kwamba mgongo una kijani kimoja na kikalio kina kijani kingine, ingawa vyote vilitoka kwenye robota moja.

Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kochi, akakiteremsha. Mahameli ina nywele fupi, laini kama vinyweleo vya mkononi, na nywele hizo zina upande zinakolala. Mgongo wa kochi hufunikwa kwa namna ambayo mkono ukiteremka, nywele zinalala nao. Hizi zilisimama zikamkataa. Alikuwa amekiweka kitambaa kichwa chini.

Katika kazi yake yote hakukumbuka kuwahi kufanya kosa hilo. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Au la mtu anayewamba kochi huku masikio yote mawili yako ubaoni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya Mwalimu Mstaafu. Ulipopiga msumari wa kwanza."

"Na jana umenishikia taa muda wote ule."

"Ndiyo, baba."

"Nikikaza vifungo."

"Nilidhani utaona mwenyewe. Halafu ulipomaliza ulifurahi. Ulilizunguka kochi lote. Nikaona nimechelewa."

Fundi alikaa kwenye kiti chenye springi. Kilimlalamikia. Hakukasirika, alijitazama ndani kama anayepapasa mfuko, akaona hasira haipo. Kilichokuwepo ni hesabu ndogo ya kwake mwenyewe, ambayo haikuhitaji mwalimu: kama mtoto ameweza kutazama baba yake akiharibu kazi, msumari baada ya msumari, akanyamaza kwa heshima, basi angewezaje kumkatiza mgeni mwenye chaki?

"Leta makoleo mawili," alisema. "Na kopo."

Walianza kung'oa. Kung'oa si kama kuwamba. Unaingiza ncha chini ya kichwa cha msumari, unaiinua, msumari unatoka, unaudondosha kwenye kopo. Hakuna cha kuweka mdomoni. Fundi alikuwa amesahau jambo hilo, kwa sababu hakuwa mtu wa kung'oa kazi yake mwenyewe. Walikaa kila mmoja upande wake wa kochi, kopo likiwa katikati, misumari ikilia ndani yake kama mvua ya mawe kwenye bati.

"Baba," Binti alisema baada ya muda, koleo likiwa bado linainua. Akajikuta amesema, akanyamaza.

"Endelea kung'oa. Na sema."

"Kwa nini nywele zishuke? Kwa nini zisipande?"

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walitazama zinashuka, wakazishusha. Fundi alifikiri, mikono ikiendelea.

"Mtu akikaa, nguo yake inateremka na mgongo wa kochi," alisema. "Zikipanda, kila anayekaa anazivuruga. Mwaka hauishi, zimeota upara. Na vumbi. Vumbi huanguka kutoka juu. Zikipanda zinalikinga kama kiganja."

"Mm. Na kikalio?"

"Kikalio zije mbele."

"Kwa nini?"

"We!" Fundi alisema, akacheka. "Mara moja hii?" Lakini alijibu, na alipojibu Binti aliuliza tena, kuhusu vifungo, na kuhusu kwa nini uzi wa vifungo unapakwa nta. Mawili aliyajua. Moja alikiri hajui, alilikuta hivyo kwa mzee wake mwenye chuma tumboni. Binti alilipokea hilo bila kushangaa, akang'oa msumari mwingine.

Walikuwa wamefika nusu ya mgongo, sponji imeanza kuonekana chini ya mahameli iliyoning'inia, Fundi alipouliza. Aliuliza bila kumtazama, kwa sababu aliona hivyo ndivyo rahisi.

"Na kule kwenye ubao. Kuna mahali unapokwama?"

Koleo la upande wa pili lilisimama. Likaendelea.

"Hasi kwa hasi," Binti alisema.

"Ehe."

"Wote wanasema inakuwa chanya. Najua inakuwa chanya, nimeikariri. Lakini nikifika pale mkono unakataa. Ukiongeza deni juu ya deni hupati mali. Sasa ni kwa nini? Imekuwaje chanya?"

Fundi alidondosha msumari koponi.

"Sijui, mama. Wala sikuwahi kujua kwamba sijui."

"Ni la darasa la chini, baba. Nilitakiwa niliulize zamani. Nikimkatiza nalo yule mwalimu atanicheka."

"Acheke. Yeye hana misumari mdomoni."

Binti aliinamisha kichwa kwenye mgongo wa kochi, mabega yakatikisika, na Fundi alihitaji muda kidogo kutambua kwamba anacheka.

Jua lilikuwa limetoka sakafuni, likapanda ukutani, likafifia. Vichwa vya misumari havikuonekana tena vizuri, na kung'oa bila kuona ni njia ya haraka ya kutoboa kitambaa. Fundi alisimama, akanyoosha mgongo wake, akatundika koleo mahali pake. Kochi lilikaa pale nusu likiwa limevaa, nusu uchi. Kesho wangeng'oa upande uliobaki, wageuze mahameli, wapige upya msumari kwa msumari, wakaze vifungo upya, na jioni Pilipili angepita. Fundi alijua kazi hiyo haitakuwa imekwisha atakapofika. Alijua pia kwamba daktari wa meno atalazimika kuambiwa ukweli.

"Andika hilo swali ubaoni," alisema, akitafuta kufuli, "usije ukalisahau."

"Silisahau," Binti alisema. Alikuwa amebeba kopo la misumari kwa mikono miwili. "Ninalo tangu shule ya msingi."

Akaliweka kopo chini ya meza ya kukatia, akatandaza shuka kuukuu juu ya kochi, wakafunga mlango.